Clara, Dvořák, Elgar au Fauré? Mtazame kwanza mpiga piano

"Shikamoo mwalimu. Nimepata kipande kizuri, dakika tatu tu. Piano yake rahisi."

Wapiga fidla wote huniambia hivyo. Nimewasindikiza kwa piano miaka mingi, kanisani, harusini, kwenye mitihani, na sijawahi kuletewa kipande ambacho piano yake haikuwa "rahisi". Safari hii kijana alikuwa ameshika Romanza ya kwanza kati ya tatu za Clara Schumann, opus 22 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Nikahesabu alama za flati, zile za kushusha nota nusu hatua, mwanzoni mwa mstari: tano. Nikamtazama. Akatazama dirishani.

Simlaumu. Ukitafuta kipande kifupi cha fidla na piano cha karne ya 19 unasikiliza rekodi, na kwenye rekodi sikio hukimbilia wimbo, na wimbo mara nyingi uko kwenye fidla. Piano unaisikia kama unavyosikia mvua ya nje wakati mtu anakuhadithia jambo. Siku ya kwanza ya mazoezi ndipo mvua inapoingia ndani. Ndiyo maana mtu akiniuliza apige kipi, namrudishia maswali mawili: aliyekitunga alikuwa na ala gani mkononi? Na wewe, nani anakukalia kwenye piano? Mimi ni mpiga piano, kwa hiyo najua naitetea meza yangu. Lakini nisikilize.

Vinavyoulizwa sana kwangu ni hivi: Romanza tatu za Clara Schumann (1853), Vipande vinne vya kimapenzi vya Antonín Dvořák, opus 75 (1887), "Salut d'amour" ya Edward Elgar, opus 12 (1888), na "Berceuse" ya Gabriel Fauré, opus 16 (1879). Tchaikovsky naye huwa hakosi kutajwa, nitamgusa kidogo. Clara alikuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa wa zama zake. Elgar alikuwa mpiga fidla na mwalimu wa fidla. Dvořák alikula mshahara wa mpiga viola (ala kama fidla, kubwa kidogo) kwenye orkestra ya jumba la maonyesho la Prague kabla jina lake halijajulikana. Fauré alikuwa mtu wa kinanda cha kanisa. Mikono yao bado iko ndani ya karatasi.

Tuanze na jambo dogo ambalo wanafunzi hulipita bila kulitazama: ufunguo, yaani skeli ya nota ambayo kipande kimejengwa juu yake. Fidla ina nyuzi nne, G, D, A na E. Wimbo ukiwa na nota hizo ndani ya skeli yake, fidla inasaidiwa na mwili wake wenyewe, kwa sababu uzi usioguswa hutetemeka jirani yake anapopigwa, na sauti inatoka pana. Sikio nalo linapata pa kujishikiza: ukihisi umepotea, uzi mtupu unakusahihisha.

Sasa chukua D-flati meja ya Romanza ya kwanza ya Clara. Nota zake ni D-flati, E-flati, F, G-flati, A-flati, B-flati na C. Tafuta humo G, D, A au E. Hakuna hata moja. Mpiga fidla anatembea gizani bila ukuta wa kupapasa, na kila nota lazima aitengeneze kwa kidole. Sauti inatoka kama imefunikwa shela, na hilo ni zuri sana mkono ukiwa umekomaa. Usipokomaa, flati zitakuwa flati kweli. Lakini kwa piano? Vibao vyeusi vyote vitano vimo, vidole virefu vinalala juu yake, kidole gumba kinaangukia F na C bila kujikunja. Ni mojawapo ya funguo zinazoukaa vizuri mkono wa mpiga piano. Clara alichagua ufunguo wa nyumbani kwake.

Elgar kafanya kinyume. E meja, shapu nne (alama za kupandisha nota), ambazo mpiga piano wa kwaya huzikunjia uso. Ila kwa fidla, nota ya nyumbani ni uzi wa juu kabisa, na A nayo imo. Fauré ndiye mkarimu kuliko wote: D meja ina nyuzi zote nne. Dvořák yuko katikati, kipande cha kwanza na cha tatu ni B-flati meja, ambamo G, D na A zimo na E peke yake imeachwa nje.

Kwa hiyo hata kabla ya kucheza nota moja, karatasi imeshakuambia inampendelea nani.

Clara kwanza, kwa kuwa kijana ndiye aliyemleta. Yeye na mumewe Robert, mtunzi pia, walihamia nyumba ya Bilker Straße mjini Düsseldorf, Ujerumani. Kabla ya hapo Clara alikuwa mara nyingi hawezi kufanya mazoezi, kwa sababu piano yake ilimsumbua mumewe akitunga. Nyumba mpya ilikuwa na nafasi ya kutosha ili piano isisikike. Majira ya kiangazi ya 1853 akatunga baada ya kimya cha miaka, na Julai Romanza hizi tatu zikapatikana. Alizitoa kwa Joseph Joachim, mpiga fidla wa miaka 22 ambaye mwezi Mei alikuwa ameutikisa mji huo kwa konseto ya Beethoven, kazi ya fidla na orkestra, na wawili hao wakazipiga pamoja kwenye ziara zao. Februari 1854 Robert alijitupa mtoni Rhine, na baada ya kifo chake mwaka 1856 Clara aliacha karibu kabisa kutunga. Miaka arobaini iliyobaki aliishi kwa vidole vyake, akipiga kazi za wengine.

Ukijua hivyo huwezi kushangaa kwamba katika Romanza hizi piano si msindikizaji. Katika ya kwanza fidla ikimaliza sentensi, piano inaidaka na kuiendeleza, na mara nyingine inaikatiza. Ya pili, G maina, ndiyo ambayo mwanafunzi anaweza kuikaribia: wimbo wa huzuni ndogo pembeni, katikati kunakucha kidogo kwenye G meja, kuna miruko na mitetemo ya kidole, na piano inapumua. Ya tatu ndiyo mtego. Fidla ina wimbo mrefu, unaosikika kama hauna presha yoyote. Chini yake piano inamwaga nota ndogondogo zinazopanda na kushuka karibu bila kupumzika, na lazima zisikike kama maji, zisisikike kama mazoezi ya skeli. Mpiga fidla anasema "dakika nne nzuri". Mpiga piano wake hajalala wiki mbili.

Dvořák ndiye mpinzani wa kweli wa Clara kwa anayetaka kitu cha dakika kumi na ushee, maana Romanza tatu zinachukua kama dakika 10 na vipande vyake vinne kama 14. Naye hadithi yake inaanzia nyumbani. Prague, mtaa wa Žitná, Januari 1887. Katika nyumba hiyohiyo alikuwa amepanga mwanafunzi wa kemia, Josef Kruis, aliyekuwa akijifunza fidla. Dvořák akatunga kipande cha fidla mbili na viola ili Kruis apige na mwalimu wake, na yeye mwenyewe ashike viola. Kikawa kigumu mno kwa kijana. Wengine wangemwambia kaongeze mazoezi. Dvořák akakaa akatunga kingine chepesi kwa watu haohao watatu, na akamwandikia mchapishaji wake Simrock kwamba kazi hiyo ndogo ilimfurahisha kana kwamba alikuwa anaandika simfoni kubwa. Hicho chepesi ndicho alichokigeuza mara moja kuwa vipande vya fidla na piano. Mwishoni mwa Machi mwaka huohuo Karel Ondříček alivipiga hadharani Prague, Dvořák mwenyewe akiwa kwenye piano.

Yaani piano iliingia mwisho, ikakalia viti vya fidla ya pili na viola. Ukikifungua kipande cha kwanza utaona: mkono mmoja unapiga mapigo ya taratibu kama moyo wa mtu aliyelala, mwingine unaweka besi, na juu fidla inaimba wimbo ambao bibi yako angeweza kuuimba akipepeta mchele. Mpiga piano wa kanisani aliyezoea tenzi za sauti nne ataufikia ndani ya wiki moja. Mwanafunzi wa fidla aliyezoea nafasi ya tatu ya mkono kwenye shingo ya fidla hatalia. Cha pili kinakanyaga chini kwa kishindo, cha kijijini, kizuri kwa kumwamsha msikilizaji. Cha tatu kinachemka zaidi na kinadai upinde mrefu.

Cha nne ndicho kinachowatoa watu jasho, wala si kwa wingi wa nota. Ni Larghetto, yaani ya polepole, ya G maina, inayokula karibu nusu ya muda wote, imejengwa juu ya kikonyo kimoja kifupi cha huzuni kinachosemwa, kinanyamaza, kinasemwa tena. Wanafunzi huogopa kile kimya. Wanakifupisha, na kikifupishwa kipande kizima kinaanguka. Tena kazi nzima inaishia hapo, kwenye kilio. Hakuna kishindo cha mwisho cha kuwaambia watu wapige makofi. Nimeshuhudia ukumbi umekaa kimya watu wakitazamana. Mimi hilo nalipenda. Ukiwa na wageni rasmi na mtu wa kutangaza ratiba anayekimbiza muda, piga cha kwanza peke yake, kinajitosheleza.

Kati ya hawa wawili, basi: mpiga piano wako akiwa amekuzidi, chukua Clara, hata kama ni ya pili tu, umpe naye chakula. Ukiwa umemzidi wewe, au mko sawa, Dvořák.

Elgar ni habari nyingine, ni wa harusi. Lakini watu hawajui kwamba kipande hiki kimezaliwa kutokana na masomo ya kusindikiza kwa piano. Mwaka 1886 Caroline Alice Roberts, binti wa jenerali, alikwenda kwa mwalimu wa fidla wa Worcester ambaye hakuwa na jina wala fedha, kujifunza namna ya kumsindikiza mpiga ala kwa piano. Alice alikuwa amemzidi Elgar umri karibu miaka tisa. Mwaka 1888 walipochumbiana Alice alimpa shairi, na Edward akamjibu kwa kipande hiki. Alikiita kwa Kijerumani, lugha ambayo Alice aliijua vizuri, "Liebesgruss", salamu ya mapenzi. Juu akaandika kwa Kifaransa "à Carice", jina alilolifuma kutoka Caroline na Alice, ambalo baadaye walimpa binti yao. Wakaoana Mei 1889. Wachapishaji Schott walikinunua moja kwa moja kwa gini 2 za Kiingereza, wakakibandika jina la Kifaransa, kikauzwa dunia nzima, na faida haikurudi kwa Elgar.

Sikiliza sasa anachompa mchumba apige. Mkono wa kushoto unaweka besi juu ya pigo, mkono wa kulia unaingia katikati ya mapigo, nyuma kidogo, kama mtu anayetembea na mwenzake bila kuongozana naye mguu kwa mguu. Basi. Ni kazi ya mwanafunzi wa kusindikiza, na humo ndimo mwalimu anapopima. Mkono wa kulia ukivutwa na pigo, mapenzi yanageuka gwaride. Ukichelewa, fidla inavuta, piano inavuta, na dakika tatu zinakuwa tano. Vidole haviumii, kinachoumia ni sikio. Wakati huohuo fidla inapanda juu kwenye kilele kwa nota ndefu ambayo kila mgeni ataisikia ikitetereka. Shapu nne zikikushinda, yapo matoleo yaliyoshushwa hadi D meja. Hakuna atakayekukamata.

Kuhusu hilo la kupanda na kushuka, nina neno kwa waliojifunzia fidla kwenye taarab. Mkono wenu unateleza kutoka nota hadi nota, na walimu wengi wa vyuo huwakata tabia hiyo siku ya kwanza. Kwa Elgar msiikate yote. Wapiga fidla wa Ulaya wa karne ya 19 waliteleza pia, na rekodi za kwanza kabisa za wapiga fidla zimejaa mitelezo ambayo leo ingempunguzia mtu alama. Iwe mmoja au miwili, mahali wimbo unapopanda, siyo kila kona. Kwa Dvořák wa kwanza hata mmoja unatosha. Kwa Fauré acheni kabisa.

Fauré anataka fidla ivalishwe kile kibano kidogo cha kupunguza sauti, kinachokaa juu ya daraja la nyuzi. Ni wimbo wa kubembeleza mtoto, mapigo sita kwa baa (fungu moja la mapigo), piano inabembea tu kama susu upeponi. Mwenyewe inasemekana hakukithamini sana, watu wakakipenda. Kwa anayeanza kupiga na mwenzake nakipa nafasi ya kwanza: nyuzi zote nne ziko upande wako, piano haikimbii popote, na mkipishana mnaweza kusubiriana bila mtu kujua. Udhaifu wake ni kwamba dakika tatu na nusu zinapita bila tukio lolote. Kwenye ukumbi wenye feni na watoto, hakisikiki.

Tchaikovsky watu humleta kwa "Mélodie", cha tatu katika opus 42 ya mwaka 1878, kilichozaliwa kipindi alipopumzika Brailov, shamba la Nadezhda von Meck huko Ukraine, mfadhili wake ambaye walikubaliana wasionane. E-flati meja, dakika tatu na kitu, kitamu, na piano inapata zamu yake ya kujibu. Yuko kati ya Elgar na Clara kwa ugumu. Cha kwanza cha opus hiyo, "Méditation", kilikuwa sehemu ya polepole ya konseto yake ya fidla kabla hajaiondoa, na bado kina uzito wa konseto. Usidanganywe na jina.

Nimemwacha Massenet kwa makusudi. Ile "Méditation" yake, isichanganywe na hiyo ya Tchaikovsky, imetoka kwenye opera "Thaïs" ya 1894, na piano pale inaigiza kinubi cha orkestra. Ni kazi nzuri ya kuazima, lakini haikuandikwa kwa watu wawili chumbani. Na Scherzo ya Brahms ya 1853, nenda nayo kwa mtu mwingine. Si mimi.

Kuna jambo la mwisho ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia: piano yenyewe. Ukumbi ukikuahidi piano, uliza ina vibao vingapi. Kibodi ya kwaya yenye vibao 61 inaishia oktavi mbili tu chini ya C ya katikati, na mara nyingi haina pedali. Romanza ya tatu ya Clara bila pedali ni mchanga mkavu. Fauré na Dvořák wa kwanza wanavumilia kiasi. Elgar anavumilia pia, mradi uangalie kitu kimoja. Harusini mwaka fulani nilikuta kibodi ya namna hiyo, mguu wangu ukawa unakanyaga zulia kwa mazoea, nikasema haidhuru. Nikaanza baa za mwanzo, taratibu, tamu. Fidla ikaingia. Watu wa meza ya mbele wakaacha kutafuna. Kumbe kwaya iliyotumbuiza kabla yetu ilikuwa imeipandisha kibodi kwa kitufe, nusu hatua, kwa ajili ya soprano wao, na hawakuirudisha. Mwenzangu yuko E meja, mimi niko F. Bwana harusi alidhani ndivyo wimbo ulivyo, akaendelea kutabasamu.

Nota za vyote hivi zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, watunzi wamekufa zamani. Pakua karatasi ya piano kwanza, siyo ya fidla, umpelekee atakayeipiga, na umtazame usoni akiifungua.

Kijana wangu niliifungua mbele yake, akaniona. Tulipiga Dvořák wa kwanza, na baada ya hapo akajaribu wa nne, kimya chake bado kifupi lakini kinarefuka. Karatasi ya Clara aliisahau juu ya piano yangu, au aliiacha, sijamuuliza. Naipiga usiku watoto wakishalala. Ukurasa wa kwanza umeshakaa.